Darasani nasema nasibu, nyumbani naambiwa kadari

BARUA

Assalaam alaykum, Mshauri.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari mkoani Tanga, huku tambarare upande wa Muheza. Mwisho wa wiki nafundisha wasichana madrasa. Nina mume na watoto wawili: binti wa miaka sita, na mvulana wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mambo yamenizonga kwa pamoja, na kila ninayemweleza hushika moja akaacha mengine, ndiyo maana nayaandika yote.

Mvulana wetu alipofikisha miezi tisa, mikono na miguu yake ilivimba kwa pamoja, akawa analia kila akiguswa. Zahanati walitibu malaria. Uvimbe ukaisha, ukarudi. Hospitali wakampima kwa kile kipimo cha haraka, kisha wakachukua damu kwa kipimo kikubwa, na jibu likaja: SS, yaani nakala mbili za jeni ya S, selimundu au sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama mkwe, ambaye kwao ni Lushoto, akasema palepale, "Kwetu milimani sikoseli hatuijui. Hii imetoka pwani." Mimi ndiye wa pwani.

Muda si mrefu nikafika kwenye mada ya mageuko ya viumbe, kidato cha nne. Mfano wangu wa kila mwaka ni huohuo, selimundu na malaria. Nikaandika ubaoni: mahali ambapo jeni ya S ni asilimia 10, katika watoto 1,000 wanaozaliwa, 810 watakuwa AA (hawana S), 180 AS (nakala moja), 10 SS. Wale 180 wana kinga dhidi ya malaria kali, wale 10 wanaugua. Nimeiandika hesabu hiyo miaka yote bila shida. Safari hii mkono uligoma kwenye ile 10. Mwanafunzi mmoja, kijana mwenye adabu zake, akauliza, "Mwalimu, kama badiliko la jeni lilitokea kwa nasibu tu, kwa hiyo Mwenyezi Mungu hakupanga?" Nikamjibu kwamba kipindi kimekwisha. Hakikuwa kimekwisha.

Habari zikafika madrasa. Ustadhi akaniita kwa upole, akaniambia kwamba kusema viumbe hubadilika kwa nasibu ni kumvua Allah uwezo Wake, na kwamba siwezi kufundisha hilo Jumatatu kisha Jumamosi nikafundisha nguzo za imani. Nichague.

Mume wangu ni mtu mwema na anamhangaikia mtoto. Ila yeye amelifunga jambo zima kwa neno kadari. Anataka mtoto wa tatu mapema. Nikimwomba akapime, anasema kupima ni kuchungulia ghaibu, na kwamba Allah hatatupa mtihani uleule mara mbili. Kila nikibisha hunisomea aya ya Suratul Hadid, kwamba hapana msiba unaotufika ila umo Kitabuni.

Halafu yuko daktari mmoja kijana aliyetaka kunifariji. Akasema, "Mwalimu, wewe unajua hikma yake. Jeni hii inaokoa maelfu na malaria." Nilitoka pale nimeumia kuliko nilivyoingia. Ina maana mwanangu ndiye bei ya watoto wa wenzangu?

Nimefikiria kumwomba mkuu wa shule anihamishie kemia moja kwa moja. Nimefikiria pia kuacha madrasa. Lakini swali langu hasa ni hili: je, naweza kusema nasibu mbele ya ubao, kisha nikasimama juu ya mswala nikasema kadari, bila kuwa mnafiki?

Mwalimu, Tanga


JIBU

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa kulibeba hili peke yako.

Umesema swali lako ni moja. Nikisoma naona ugonjwa wa mtoto, lawama ya mama mkwe, mpango wa mimba nyingine, na shaka yako juu ya kazi na ibada, yote yakipita kwenye mlango mmoja unaoitwa nasibu na kadari. Mengine yana majibu ya leo, mengine wanachuoni wameyajadili kwa karne nyingi bila kukubaliana. Niruhusu nianze na damu, kwa sababu mtoto hawezi kungoja tumalize falsafa.

Jibu la SS lina maana kwamba mtoto amepokea nakala moja ya S kutoka kwako na nyingine kutoka kwa baba yake. Hapana njia ya kawaida ya kuipata SS upande mmoja. Kitu kimoja tu cha kuuliza kliniki: je, kipimo kikubwa kiliangalia pia uwezekano wa S kukutana na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi? Hali hiyo huweza kufanana na SS kwenye karatasi, na hata hapo wazazi wote wawili huwa wamechangia. Kama mtoto aliongezewa damu katika miezi mitatu kabla ya kipimo, kirudiwe, maana chembe za mchangiaji huchafua majibu. Kile kipimo cha haraka, kama ni cha aina ya zamani, kisitumike kumhukumu yeyote katika familia: kinaonyesha kwamba S ipo, hakitofautishi AS na SS.

Mama mkwe hasemi uongo kabisa. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipokusanya damu huko mwaka 1949 aliona wabebaji, yaani wenye nakala moja tu ya S, wamepita asilimia 20 karibu na pwani na Ziwa Victoria, na hawafiki hata asilimia 1 nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba sababu ni malaria. Lakini watu wamekuwa wakipanda na kushuka Usambara, wakiuza na kuoana, tangu zamani. Babu mmoja wa tambarare anatosha. Ipo hadithi ya yule bedui aliyemjia Mtume (s.a.w.) akimtilia shaka mkewe kwa kuzaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza kuhusu ngamia wake wekundu: hakuna wa kijivu miongoni mwao? Wapo. Wametoka wapi? Bedui akasema huenda ni asili ya zamani imewavuta. Akaambiwa, basi na mtoto wako huenda hivyohivyo. Msomee mama mkwe hadithi hiyo siku mtakapokuwa na utulivu, na msomaji awe mwanawe, si wewe.

Binti yenu mzima naye apimwe. Kwa kuwa haugui, amebaki na nafasi mbili kati ya tatu za kuwa AS. Hatatibiwa chochote kwa hilo, ila ni jambo atakalohitaji kulijua kabla hajachumbiwa. Na akiwa AS aendelee kulala ndani ya chandarua: kinga ile ni ya malaria kali, haimzuii kuambukizwa.

Kuhusu mvulana, yako makosa manne ninayoyaona yakirudiwa. La kwanza ni kudhani kwamba kwa kuwa S hukinga malaria, basi SS hukinga zaidi. Ni kinyume chake. Mtoto mwenye SS huanza na damu kidogo, malaria ikiimega hana akiba, na ndiyo moja ya njia zinazowaua. Muulize daktari dawa ya kuzuia malaria, chandarua pekee hakitoshi. La pili ni kuacha penisilini kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Bandama yake inakufa kimyakimya katika miaka ya mwanzo, na bila bandama bakteria wa nimonia wanaweza kumuua ndani ya saa chache. Kwa hiyo vidonge ni mara mbili kwa siku hadi miaka 5, pamoja na chanjo ya nimonia iliyokamilika. La tatu ni kumnunulia dawa ya madini ya chuma dukani kwa sababu amepauka. Upungufu wake hautokani na chuma. Anachotumia ni foliki, na chuma apewe tu kipimo kikionyesha. La nne ni kungoja homa ipungue. Kwake yeye, nyuzi 38 ni safari ya hospitali usiku huohuo. Mwombe muuguzi akuonyeshe jinsi ya kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto, uifanye kila siku unapomwogesha. Ikivimba ghafla naye akalegea, usingoje kuche. Uliza pia kuhusu haidroksiurea. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na Kilifi, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, hata vifo. Hutolewa kwa uzito, na damu hupimwa mara kwa mara kwa sababu ikizidi hushusha chembe nyeupe.

Sasa nasibu yako. Wewe unaijua, lakini wacha niiandike jinsi ambavyo ningependa ustadhi aisome. Mwaka 1943 wanasayansi wawili, Luria na Delbrück, walikuza vikundi vingi vya bakteria kila kimoja peke yake, kisha wakavimwagia virusi wanaoua bakteria. Kama virusi ndio waliowafundisha bakteria kujikinga, kila kikundi kingetoa walionusurika kwa idadi inayokaribiana. Haikuwa hivyo. Vikundi vingi havikuwa na hata mmoja au vilikuwa na wachache, na vichache vilijaa. Maana yake badiliko lilikuwa limeshatokea kabla virusi hawajafika, mapema katika kikundi hiki, kwa kuchelewa katika kile. Hicho ndicho wanabaiolojia wanachodai: badiliko la jeni haliulizi kama kiumbe analihitaji. Hawadai kwamba halina sababu za kikemia, wala kwamba kila badiliko lina uwezekano sawa na jingine. Na hakuna kipimo katika maabara yoyote kinachoweza kuonyesha kama yupo anayelijua. Mageuko yenyewe kwa ujumla hayaendi kiholela, kwa sababu mchujo, yaani nani anasalia na nani anakufa, hauna nasibu: mbu wa Muheza wamewachuja watoto kwa namna ileile kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo nadhani ustadhi ameunganisha madai mawili. "Haikutokea kwa sababu ilihitajika" na "haikujulikana na Mwenyezi Mungu" ni kauli mbili tofauti, na ya pili haimo katika mtaala wako. Kama anataka dalili kutoka upande wake, amuangalie Nabii Yunus, aliyepigiwa kura merikebuni akashindwa. Aangalie waliotupa kalamu zao ili ajulikane nani atamlea Maryam, katika Aal Imran. Mtume mwenyewe alipiga kura baina ya wake zake alipotaka kusafiri. Kura ikipigwa kwa haki haimjui mtu, na ndiyo maana huaminiwa. Hakuna Mwislamu aliyesema kwamba kura zile zilitoka nje ya ujuzi wa Yule ambaye, kwa mujibu wa Suratul An'am, jani halianguki bila Yeye kulijua.

Hilo linatuliza upande wa akida. Sidhani linakutuliza wewe. Kinachokuuma, nikiisoma barua vizuri, kinatokana na dhana moja ambayo mume wako, ustadhi, daktari, na wewe pia mmeipokea bila kuikagua: kwamba kikiwa cha Mwenyezi Mungu basi lazima kiwe ujumbe kwa aliyefikwa nacho. Mume anasoma mtihani, mama mkwe anasoma kosa, daktari anasoma hikma. Wote wanasoma herufi moja iliyobadilika kwenye kromosomu ya 11, GAG ikawa GTG, kana kwamba ni barua iliyoandikwa jina lako.

Kumbuka siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, akiwa bado mtoto mdogo. Jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Baba aliyefiwa angeweza kunyamaza wafikiri hivyo. Badala yake akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, na havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Hakukana kwamba ni ishara za Mungu. Alikataa zisomwe kama taarifa ya msiba wa nyumba yake. Kisha alimlilia mwanawe, machozi yakamtoka hadharani. Sijui hoja nyingine iliyo fupi kuliko hii juu ya kusimama darasani na kwenye mswala kwa mguu uleule.

Daktari kijana alikusudia wema. Tatizo la faraja yake ni kwamba alichukua maelezo ya idadi ya watu akayafanya maelezo ya mtoto. Kwa nini S ni nyingi Muheza? Kwa sababu wabebaji 180 walinusurika zaidi kuliko AA wanaong'atwa na mbu walewale. Hapo baiolojia imemaliza kazi yake. Kwa nini huyu awe miongoni mwa wale 10? Baiolojia itakwambia tu kwamba kila mmoja wenu alitoa nakala moja kati ya mbili, na nusu mara nusu ni robo. Haitakwambia kwamba yeye ni bei, kwa sababu mchujo wa asili haununui wala hauuzi. Hauna anayekadiria.

Na wale wanaopenda kuona mpango bora kabisa ndani ya selimundu, mimi huwauliza kuhusu himoglobini C, aina nyingine ya ile protini ya chembe nyekundu za damu. Ipo Afrika Magharibi, hasa pande za Burkina Faso. Imetokana na neno hilohilo la jeni: mahali pa GAG kubadilika herufi ya katikati, ilibadilika ya kwanza, ikawa AAG. Nayo hukinga malaria, na mwenye nakala mbili huugua kidogo tu. Herufi ya jirani. Huku kwetu ikaja S. Ukitaka kusema hapa pana hikma, sema, lakini sema kama mtu anayeamini bila kuiona, usiseme kama mtu aliyeisoma kwenye kitabu cha kidato cha nne. Katika Suratul Kahf, Musa alielezwa sababu za matendo ya Khidhri. Wanaokuja kukufariji hawajaelezwa za kwako.

Wapi basi pa kusimama? Sina sehemu moja ya kukuelekeza. Zipo njia ambazo Waislamu wamezipita, kila moja na gharama yake. Imam Ghazali alisema hata moto na pamba havina mfungamano wa lazima: pamba huungua kwa sababu Allah huumba kuungua moto unapoigusa, nasi tumezoea kuona hivyo. Kwa njia hii nasibu haikutishi zaidi ya moto wa jiko lako, kwani vyote ni kitendo Chake moja kwa moja. Gharama yake ni kwamba na ule usiku wa maumivu ya mtoto unatoka mkononi Mwake bila kitu katikati, na wako wanaoweza kulala na wazo hilo, wako wasioweza. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu kwamba vitu vimepewa tabia zao, na akili isiyokubali sababu imejifuta yenyewe. Kwa njia yake unaweza kusema Allah ameumba ulimwengu ambamo nakala hubadilika na mbu huchuja, na maumivu yanatoka humo. Inamtua mtoto asionekane amelengwa. Hatari yake ni kwamba Mungu huanza kuonekana mbali, na dua ikawa ngumu kuielewa. Njia ya tatu ni kuyaacha mawili yakae bila kuyashona: najua jinsi ilivyotokea, naamini Anajua, na sijui vinavyounganika. Ni njia ya heshima, ila mtu akiitumia kukwepa kila swali, wanafunzi humgundua haraka. Si lazima uchague wiki hii. Wengi huhama kutoka moja hadi nyingine kadiri mtoto anavyopata nafuu au kuzidiwa, na sioni unafiki katika hilo.

Suala la Nabii Adam nimeliacha makusudi. Najua ndilo litakaloibuka kwanza ukikaa na ustadhi, nawe usilianzie huko. Waislamu wanaolifuatilia wamegawanyika: wapo wanaokataa mageuko yote, wapo wanaoyakubali kwa viumbe vyote wakamtoa Adam peke yake, na wapo wanaoyakubali yote wakaisoma aya kwa namna nyingine. Badiliko la himoglobini halitegemei ushindi wa kundi lolote kati ya hayo. Limeonekana, limepimwa, liko kwenye damu ya mwanao. Ukianza na fuvu la kale la Zinjanthropus wa Oldupai na miaka yake milioni 1.75, mtabishana hadi magharibi na hamtafika kwenye damu.

Tumrudie mume wako. Hakuna ghaibu ya kuchungulia. Mtoto ameshamjibia kipimo. Mwenzio ni mbebaji kwa uhakika wa karibu kabisa, apime asipime. Kilichobaki ni hesabu, na hapo ndipo anapokosea kwa njia ambayo si ya kidini hata kidogo: anadhani zamu yenu imekwisha. Kila mimba huanza upya na robo yake. Mimba moja, nafasi 75 kwa 100 mtoto hatakuwa SS. Mkizaa watatu zaidi, nafasi ya wote kusalimika ni 27 kati ya 64, yaani chini ya nusu.

Aya anayokusomea ni ya kweli, na Umar bin Khattab aliijua. Alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, aliamua kurudi. Sahaba Abu Ubaida akamuuliza, unaikimbia kadari ya Allah? Umar akajibu, ndiyo, tunaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyefika bondeni penye upande wenye majani na upande mkavu: popote atakapowachunga, si ni kwa kadari? Saudi Arabia tangu mwaka 2004 imewalazimu wachumba kupima selimundu na thalasemia kabla ya kufunga ndoa. Majibu hayawazuii kuoana. Yanawafanya waingie wakijua. Ikiwa hilo ni kuchungulia ghaibu, basi linachunguliwa karibu sana na Makka.

Kuhusu mtoto wa tatu mna njia kadhaa, na hii ni ndoa yenu, si yangu. Mnaweza kukomea hapa, na uwe tayari kwa huzuni ya mume wako, ambayo ni halali yake. Mnaweza kumlea yatima au mtoto wa ndugu. Mnaweza kuzaa mkiijua robo, na mkichagua hivyo basi kabla ya mimba mpange hospitali itakayompima mtoto wiki za mwanzo, ili penisilini ianze akiwa na miezi miwili au mitatu. Mara hii mlijua akiwa na miezi tisa kwa sababu himoglobini ya tumboni humficha mtoto kwa miezi kama sita, hakuna aliyezembea. Nafasi ya mimba nayo ni muhimu, kwani mvulana wako akiwa na miaka miwili hivi na wewe ukiwa wodini, nani atapapasa bandama? Kipimo cha mimba changa, cha kuchukua chembe za kondo kuanzia wiki ya 10 au 11, kipo katika baadhi ya nchi, na kuna hatari ndogo ya mimba kutoka. Usikifanye kabla hamjakubaliana mtafanya nini na jibu. Wanachuoni wamekhitilafiana juu ya kutoa mimba kabla ya siku 120, na sheria ya Tanzania inaruhusu tu kwa kuokoa maisha ya mama. Kuchagua kiinitete maabara kabla ya kupandikiza kunawezekana kwa walio na fedha nyingi na pasipoti.

Kazini, kuhamia kemia kutakupumzisha, na kupumzika si dhambi kwa mama anayeuguza. Ila jipe muhula kwanza. Ukiondoka, mada hiyo itafundishwa na mtu mwingine katika wilaya yenye wabebaji wengi, na huenda asiweze kujibu kwa lugha mbili alizonazo mwanafunzi wako. Unaweza kumjibu kwa sentensi chache kipindi kijacho: sayansi inasema badiliko halikuulizwa haja, haisemi kama lilijulikana, swali lako ni zuri na liko nje ya kipimo changu, kaulize na nyumbani. Kisha endelea na somo. Huhitaji kueleza habari za mwanao, na ile hesabu ya 810, 180 na 10 unaweza kumpa mwanafunzi aiandike ubaoni hadi utakapokuwa tayari.

Madrasa usiache kwa barua. Omba kikao na ustadhi, mkiwa wawili au pamoja na mume wako, na ubebe mambo mawili tu: hadithi ya kupatwa kwa jua na hadithi ya bedui. Mwombe akueleze anavyozielewa kabla hujasema neno kuhusu jeni. Huenda asibadilike. Ikiwa hivyo utajua umeachana naye juu ya nini hasa, na unaweza kuomba ufundishe tajwidi ukamwachia yeye akida.

Na kliniki ijayo usiende peke yako. Mchukue mume wako siku ambayo mtoto ni mzima, si siku ya homa, na mwombe muuguzi awachoree vile visanduku vinne, AA kimoja, AS viwili, SS kimoja. Kalamu aishike mume, avijaze yeye, nawe unyamaze kidogo ingawa ni mwalimu. Kisha muulize muuguzi, mbele yake, penisilini imebaki ya siku ngapi na kipimo kijacho cha damu ni lini.